John von Neumann na Karata Zenye Nguvu

Katika vibaraza vya Kaloleni, Makongeni na Bahati, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, vijana hucheza karata, nasi walimu tukipita hukunja nyuso. Nadhani tunafukuza pamoja na kamari somo zuri la hisabati. Mwasisi wa somo hilo ni John von Neumann.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Kufikia mwaka 1926 alikuwa amekwisha kupata udaktari wa hisabati, na juu yake stashahada ya uhandisi wa kemia. Mwaka 1928 alichapisha ithibati kuhusu michezo ya watu wawili ambamo faida ya mmoja ni hasara ya mwenziwe. Chesi huonyesha kila kete. Poka huficha, na huko mafichoni ndiko alikotaka hesabu ifike. Mwaka 1944, pamoja na Oskar Morgenstern, alitoa kitabu kikubwa kuhusu nadharia ya michezo, chenye sehemu juu ya poka.

Katika poka ya dau lenye kikomo, wawili walio kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka fedha kabla ya kuona karata. Wakiwa wachezaji watatu au zaidi, karata za mezani zikishafunuliwa hao wawili ndio hutangulia kunena, pasipo kujua wengine watafanya nini. Hata aliyebahatika kupata karata kali hapo yumo mashakani: akipandisha dau kwa karata kali tu, wenzake watamsoma na kujitoa, naye ataambulia senti chache. Mimi ni mtu wa isimu, na jambo hili halinishangazi. Ishara yenye maana moja isiyobadilika humwambia msikilizaji kila kitu.

Von Neumann alionyesha, kwa poka aliyoirahisisha, kwamba inafaa kupandisha dau kwa karata bora na, mara mojamoja, kwa zile mbovu kabisa. Za wastani zitulie. Wengi hudhani ni kinyume chake! Kitisho, basi, si ukora wa mchezaji bali ni sehemu ya hesabu.

Lakini hesabu hiyo haimwokoi mtu mbele ya pata potea. Karata tatu zikiwa mikononi mwa tapeli, hakuna karata yenye nguvu, na karo ya mtoto huishia hapo. Tofauti hii ndiyo ningependa ifundishwe darasani, kwa maharagwe badala ya shilingi.

Von Neumann alihamia Princeton, Marekani, mwaka 1930, akashiriki kuunda bomu la atomiki huko Los Alamos, kazi ambayo sina moyo wa kuisifu, kisha akaweka misingi ya kompyuta. Pokeni kwenyewe, husemekana, alikuwa mchezaji wa kawaida tu. Saratani ilimuua Washington tarehe 8 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 53.