Makhan Singh: miaka 11 kizuizini kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi

Makhan Singh, mmoja wa waasisi wa vyama vya wafanyakazi Afrika Mashariki, alikamatwa mjini Nairobi tarehe 15 Mei 1950. Aliachiwa huru tarehe 22 Oktoba 1961. Katika miaka hiyo ya kizuizini, mataifa yaliunda kamati ya kusikiliza malalamiko kuhusu viongozi wa wafanyakazi wanaokamatwa. Maisha yake yanaonesha kwa nini kamati hiyo ilihitajika, na nguvu zake zinaishia wapi.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1913 huko Gharjakh, Punjab, sehemu ambayo leo imo nchini Pakistan. Mwaka 1927 alivuka bahari kumfuata baba yake, fundi aliyekuwa amekuja Kenya kufanya kazi ya reli. Alipomaliza shule aliingia katika kiwanda cha uchapaji cha familia, na hapo akajionea ujira na saa za kazi za mafundi.

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanyakazi kilichowakubali wanachama wa rangi zote. Hilo lilikuwa jambo geni katika koloni ambalo mshahara ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Miaka miwili baadaye chama hicho kiliongoza mgomo wa takriban miezi miwili mjini Nairobi, na waajiri wakalazimika kuongeza ujira kwa kati ya asilimia 15 na 25.

Alipokwenda India, Waingereza walimkamata mwaka 1940 na kumweka kizuizini bila kesi. Mwaka 1947 alirejea Kenya, na serikali ikajaribu bila mafanikio kumfukuza nchini. Tarehe 1 Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Kubai alikuwa rais, Makhan Singh katibu mkuu. Serikali ilikataa kulisajili. Mwezi Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa hoja hadharani ya kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na Kubai walikuwa mikononi mwa polisi.

Siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na miongoni mwa madai yao lilikuwa kuachiwa kwa viongozi hao. Mgomo ulidumu zaidi ya wiki moja. Hata hivyo Makhan Singh, aliyekiri mbele ya jaji kwamba ni mkomunisti, alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la kaskazini, na baadaye Maralal na Dol Dol. Hakuwa anatumikia kifungo chenye idadi ya miaka. Alizuiwa kwa amri ya gavana, na amri hiyo haikuwa na siku ya mwisho.

Wakati huo sheria ya kimataifa ilikwishaandikwa. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, unaolinda uhuru wa kuunda vyama, ulipitishwa mwaka 1948, na Uingereza iliuridhia mwezi Juni 1949. Lakini sahihi ya London haikuyafunga makoloni moja kwa moja.

Mwaka 1951 ILO iliunda Kamati ya Uhuru wa Kujumuika, yenye wawakilishi wa serikali, waajiri na wafanyakazi. Chama kikipeleka malalamiko, serikali huitwa kujibu, hata kama haijaridhia mkataba. Kamati huchunguza kama mtu amekamatwa kwa sababu ya kazi ya chama, na ikiridhika hupendekeza aachiwe. Haina askari wala ufunguo wa gereza. Silaha yake ni kuitaja serikali hadharani na kurudi kuiuliza tena na tena.

Kwa wakazi wa Vamizi na pwani ya Cabo Delgado, habari hii inawagusa kwa njia nyingine. Chini ya Ureno, wazee wao walijua kazi za shuruti na kilimo cha pamba cha lazima, bila chama huru cha kuwasemea. Mwaka 1961 Ghana iliishtaki Ureno mbele ya ILO kuhusu kazi za shuruti katika makoloni yake ya Afrika, Msumbiji ikiwemo, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Msumbiji huru iliridhia mkataba namba 87 mwaka 1996, na katiba yake ya mwaka 2004 inatambua uhuru wa vyama na haki ya kugoma. Lakini mlango wa kamati ya Geneva hufunguliwa kwa vyama na serikali. Mfanyakazi mmoja peke yake hawezi kupeleka malalamiko huko.

Kenya ilipopata uhuru, Makhan Singh hakupewa wadhifa serikalini wala uongozi wa vyama alivyosaidia kuvijenga. Alirudi kwenye uandishi, na mwaka 1969 kitabu chake cha historia ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya kikachapishwa. Alifariki dunia tarehe 18 Mei 1973, akiwa na umri wa miaka 59. Juzuu ya pili ilitoka mwaka 1980, miaka saba baada ya kifo chake.