Mama Kevina wa Nsambya na Wakunga Wake

Toka Uvira hata Kampala ni safari ndefu, tena nchi ile ina ziwa lake na lugha yake. Lakini hatari ya mama anayejifungua ni ile ile huku na huko. Kwa hiyo yafaa wakatekumeni wa ufuko wa Tanganyika wayajue maisha ya mtawa huyu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa Arklow, katika nchi ya Ireland, tarehe 28 Aprili 1875. Baba yake alikufa kabla yeye hajazaliwa; mama yake akafa Teresa akiwa angali mtoto, akalelewa na bibi yake. Mwaka 1895 aliingia utawa wa Mtakatifu Fransisko huko Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Maria Kevin. Alitumaini kupelekwa Marekani, lakini wakubwa wake wakamtuma Uganda.

Tarehe 15 Januari 1903 masista sita walifika kilima cha Nsambya. Hospitali haikuwapo. Walitibu wagonjwa chini ya mwembe. Siku zile malale yalikuwa yakiua watu kwa maelfu kando ya Ziwa Victoria. Ilipokuja vita ya 1914, wapagazi wagonjwa waliuguzwa Nsambya, na mwaka 1918 serikali ya Uingereza ikampa Mama Kevin nishani. Watu wa Uganda walikuwa wamekwisha kumpa jina lao: Mama Kevina.

Sasa fikirini shida iliyomkabili. Alikuwa na masista waliojua kuuguza, na akina mama walikuwa wakifa katika uzazi. Lakini sheria ya Kanisa ya siku zile haikuwaruhusu watawa kuzalisha. Sheria hiyo ilitungwa Ulaya, mahali penye wakunga wengi walei. Mtu mwenye haraka angeivunja, na mtu mwoga angekaa kimya. Mama Kevin hakufanya hili wala lile. Alimpata Daktari Evelyn Connolly, mwanamke mlei asiyefungwa na sheria ile, na katika miaka ya 1920 shule ya wauguzi na wakunga ikaanza Nsambya kwa ajili ya wasichana Waafrika. Ni haki kusema pia kwamba Waprotestanti wa Namirembe walikuwa na shule yao ya wakunga, aliyoianzisha Bibi Katharine Cook.

Shule ya namna hii hufundisha nini? Bibi wakunga wa vijijini wana moyo mwema na mikono yenye mazoea, wala si vizuri kuwacheka. Ila wembe usiochemshwa huweza kumletea mtoto pepopunda kwa njia ya kitovu. Mkunga aliyefundishwa hunawa mikono kwa sabuni, huchemsha vyombo, humpima mama tangu mimba ingali changa. Zaidi ya hayo hujua mpaka wa uwezo wake: damu ikizidi, au uchungu ukipita kiasi, humpeleka mama kwa daktari bila kuona haya. Naye mwanafunzi haachwi peke yake. Huzalisha mara nyingi mbele ya mwalimu wake kabla ya kupewa hati.

Wakati huo huo Roma iliombwa miaka mingi ibadili sheria, naye Mama Kevin alikuwa mmoja wa walioomba, pamoja na Daktari Anna Dengel wa Austria. Mwezi wa Februari 1936, wakati wa Papa Pius XI, ruhusa ilitoka: watawa wa misioni waliweza kujifunza ukunga na kuzalisha. Tangu 1903 ni miaka thelathini na mitatu! Mama aliyefariki mwaka 1935 hakuifaidi ruhusa hiyo.

Mwaka 1923 alikuwa amekwisha kuanzisha huko Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alisaidia pia wakoma, huko Nyenga na Buluba.

Uzeeni alikwenda Marekani kutafuta fedha kwa ajili ya misioni. Akafa Brighton, karibu na Boston, tarehe 17 Oktoba 1957. Alizikwa kwanza Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule mwili wake ulirudishwa kwao kwa ndege, ukazikwa Nkokonjeru.