Ismat Chughtai: Bibi Aliyetunga Sinema za Mama Zetu

Sisi tuliolelewa Mji wa Kale hapa Mombasa tuliziona sinema za Kihindi mara mbili: mara moja kwa macho, na mara ya pili uani, pale mama zetu waliporudi kutoka onyesho la wanawake, wakavua buibui na kuanza kuhadithia tangu mwanzo, nyimbo na vilio pamoja. Dilip Kumar na Nutan walitajwa kama majirani. Mtunzi hakutajwa hata siku moja. Mimi nilikuwa mtu mzima nilipokuja kujua kwamba baadhi ya sinema za zama hizo zilitungwa na mwanamke wa Kiislamu, marehemu Ismat Chughtai.

Bibi huyu alizaliwa mwaka 1915 mjini Badayun, kaskazini mwa Bara Hindi, mtoto wa tisa katika kumi. Dada zake walikwisha kuolewa, basi akakua na kaka zake, na mmoja wao, Mirza Azim Beg, aliyekuwa mwandishi, ndiye aliyemfungulia vitabu. Alisoma Aligarh na Lucknow, akapata digrii na cheti cha ualimu wakati ambapo wasichana wengi wa Kiislamu walikuwa wakitolewa skuli mapema. Akasomesha, kisha akawa mkaguzi wa skuli mjini Bombay.

Mwaka 1942 aliolewa na Shaheed Latif, mtu wa sinema, na mwaka huo huo ikatoka hadithi yake fupi, Lihaaf, yaani Mfarishi, juu ya mke wa tajiri aliyetupwa na mumewe akajiliwaza kwa mtumishi wake wa kike. Alishitakiwa Lahore kwa maandishi machafu. Mwishowe hakuhukumiwa, kwani hapakuonekana neno moja la matusi. Lakini hadithi ile ilimganda. Aliandika mengi mno baada yake, watu wakaendelea kumwuliza hiyo hiyo.

Katika sinema aliandika, na mumewe akaongoza. Ziddi ya mwaka 1948 ilimpandisha Dev Anand. Arzoo ikafuata mwaka 1950, akiwamo Dilip Kumar. Mimi naipenda zaidi Sone Ki Chidiya ya 1958: Nutan ni yatima aliyedharauliwa na jamaa zake, na alipokuwa mchezaji wa sinema wakamgeuza kisima cha fedha. Aliyeandika hayo aliijua Bombay ndani na nje.

Mumewe alifariki mwaka 1967. Ingeweza kudhaniwa kwamba kazi yake ya sinema imekwisha, kumbe iliyo kubwa ilikuwa mbele. Kutoka katika hadithi yake ambayo haikuwa imechapishwa, Kaifi Azmi na Shama Zaidi waliandika mchezo wa Garm Hava, ukaongozwa na M.S. Sathyu. Ni habari ya Salim Mirza, mtengeneza viatu wa Agra, baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947. Jamaa zake wanahamia Pakistan mmoja mmoja, nyumba inachukuliwa, posa za binti yake zinavunjika, naye hataki kuondoka. Wakaguzi wa sinema waliizuia kwa miezi wakihofia fitina. Ilipotolewa ilisifiwa sana, na Ismat na Kaifi wakapata tuzo ya Filmfare ya hadithi bora. Mwaka 1978 aliandika maneno ya Junoon, na akacheza humo pia.

Alifariki Bombay tarehe 24 Oktoba 1991, na kwa wasia wake alichomwa moto. Sitaficha kwamba jambo hili lilinichoma, na najua wasomaji wengine watafunga gazeti hapa. Hesabu yake iko kwa Mola wake; mimi naandika habari za kalamu yake.

Shangazi yangu mmoja alihamia hapa kutoka Unguja mwaka 1964. Nilimwekea Garm Hava, naye Kihindi chake ni cha nyimbo tu. Tulipofika pale bibi kizee anapojificha asitolewe nyumbani mwake, nikaanza kumfasiria. Alininyamazisha kwa mkono. Baadaye kizee yule, akikaribia kukata roho, alibebwa kurudishwa katika nyumba ile ile akafie humo. Shangazi aliniomba nisimamishe kidogo, akaenda kutia udhu, na ilikuwa bado saa nzima kabla ya adhana.