Claude Monet: Bustani, machipuo na rafiki aliyemkumbusha ahadi

MEI 17, 1927, majira ya machipuo yakiwa yameshamiri barani Ulaya, milango ya jengo la Orangerie jijini Paris, Ufaransa, ilifunguliwa ili wananchi waione zawadi waliyoahidiwa tangu mwaka 1918. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mzee wa miaka 85, Georges Clemenceau, aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo wakati Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipomalizika.

Mtoaji wa zawadi hiyo hakuwapo. Mchoraji Claude Monet alikuwa amefariki dunia miezi mitano kabla. Alichokiacha ni picha kubwa za bwawa la nyumbani kwake, zikiwa zimezunguka kuta za kumbi mbili. Kama si bustani aliyoilima kwa zaidi ya miaka 40, na kama si rafiki huyo wa zamani aliyemfuata bustanini humo mara kwa mara, huenda picha hizo zisingefika Paris kamwe.

Monet alizaliwa Paris Novemba 14, 1840, na kukulia katika mji wa bandari wa Le Havre. Huko ndiko mchoraji Eugène Boudin alikomfundisha kutoka nje na kuchora mbele ya bahari, mawingu na miti, badala ya kujifungia chumbani. Alipokwenda Paris alifanya urafiki na vijana wenzake Auguste Renoir, Alfred Sisley na Frédéric Bazille. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860 alifahamiana pia na Clemenceau, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Maisha yakawatenganisha, mmoja akaingia katika siasa na mwingine akabaki na brashi yake.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Bazille aliuawa vitani mwaka 1870. Mwaka 1874 Monet na wenzake walifanya maonyesho yao wenyewe, na wakosoaji wakawadhihaki. Mwaka 1879 mkewe, Camille, alifariki dunia na kumwachia watoto wawili wa kiume, mdogo akiwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Ilikuwa katika majira ya machipuo ya mwaka 1883 ndipo Monet alipohamia kijiji cha Giverny, kaskazini magharibi mwa Paris. Alifuatana na Alice Hoschedé, ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake, pamoja na watoto wanane, sita wa Alice na wawili wa kwake. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo kijijini hapo ilikuwa kulima, kwa kuwa alitaka maua ya kuchora siku ambazo mvua ingemzuia kutoka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, machipuo ya Ulaya yanaweza kulinganishwa na masika, kwani huangukia miezi ile ile ya Machi hadi Mei. Baada ya baridi kali, miti iliyokuwa mitupu huota majani, na ardhi iliyoonekana kufa hutoa maua kwa wiki chache. Monet aliipanga bustani yake kuifuata saa hiyo ya maumbile. Yalitangulia maua ya narsisi, yakafuata ya tulipu na irisi, kisha yakaja mawaridi yaliyotambaa juu ya matao. Ua moja liliponyauka, jingine lilikuwa tayari kushika nafasi yake.

Picha zake zilipoanza kupata wanunuzi, mwaka 1890 aliinunua nyumba hiyo kwa faranga 22,000. Mwaka 1893 alinunua kiwanja kingine ng'ambo ya reli, akaomba kibali cha kuchepusha maji ya kijito ili achimbe bwawa. Wanakijiji walipinga. Walihofia kwamba mimea ya kigeni ingetia sumu katika maji waliyofulia nguo na kunyweshea mifugo. Kibali kilitolewa mwaka huo huo, na punde daraja la mbao la mtindo wa Kijapani likasimama juu ya mayungiyungi yaliyoelea majini.

Bustani ilikua hadi ikahitaji watunzaji sita au zaidi. Mmoja wao alikuwa na kazi ya kupita bwawani kwa mtumbwi na kuyasafisha mayungiyungi kabla mwenyewe hajaanza kuchora. Vumbi la magari lilipozidi kuyachafua, Monet alichangia gharama za kuitia lami barabara iliyopita kando yake.

Bustani hiyo ndiyo iliyowarudisha marafiki. Gustave Caillebotte, mchoraji mwenzake aliyekuwa pia mkulima hodari wa maua, walishauriana naye kuhusu miche hadi kifo chake mwaka 1894. Mwandishi Octave Mirbeau naye alikuwa mpenzi wa bustani. Cézanne, Renoir, Pissarro na mchongaji Rodin walifika kwa nyakati tofauti. Chakula cha mchana kiliandaliwa saa 5:30 kamili, mapema kuliko kawaida, kwa sababu mwenye nyumba aliamka alfajiri na hakutaka kupoteza mwanga wa mchana. Baada ya mlo, wageni walitembezwa bustanini.

Clemenceau naye alirudi. Mei 1895 aliandika makala ya kuzisifu picha za Monet za kanisa kuu la Rouen, na urafiki wa ujana ukafufuka. Mwaka 1908 alinunua nyumba katika kijiji cha Bernouville, na kutoka huko akawa mgeni wa mara kwa mara wa Giverny.

Lakini viti vya mezani vilikuwa vikibaki wazi kimoja baada ya kingine. Sisley alifariki dunia mwaka 1899, Pissarro mwaka 1903 na Cézanne mwaka 1906. Alice alifuata Mei 1911. Mwaka 1912 Monet aliambiwa kwamba ana mtoto wa jicho. Februari 1914 akamzika mwanawe mkubwa, Jean. Mtu aliyeishi kwa macho yake alikuwa anaelekea gizani, na brashi ilikuwa imewekwa chini.

Katika machipuo ya mwaka huo, Clemenceau alikuja Giverny, akamhimiza rafiki yake airudie ndoto yake ya zamani ya kuchora bwawa katika picha kubwa zitakazomzunguka mtazamaji. Monet, akiwa na umri wa miaka 73, alianza upya. Vita ilipolipuka alikataa kuhama. Alijenga chumba kikubwa cha kazi na kuendelea kuchora, akitunzwa na Blanche, binti wa Alice na mjane wa Jean.

Novemba 12, 1918, siku moja baada ya silaha kunyamazishwa, Monet alimwandikia Clemenceau kuahidi kutoa picha mbili kwa taifa kama ishara ya ushindi. Siku sita baadaye Waziri Mkuu alikuwa Giverny kwa rafiki yake. Ahadi ikakua, na Aprili 1922 Monet akatia saini mkataba uliompa miaka miwili kukamilisha kazi nzima.

Macho hayakumngoja. Januari 1923, kwa msukumo wa Clemenceau, alikubali kupasuliwa jicho la kulia, lakini baada ya hapo rangi zilimchanganya, na alichukia miwani aliyopewa. Muda wa mkataba ulipita. Mwanzoni mwa mwaka 1925 aliamua kujitoa. Clemenceau alikasirika mno, na urafiki wa zaidi ya nusu karne nusura uvunjike. Hata hivyo, walipatana. Mwaka huo huo miwani mpya ilimsaidia kuona vizuri zaidi, naye akarudi kazini.

Monet alifariki dunia Desemba 5, 1926 akiwa na umri wa miaka 86, Clemenceau akiwa karibu naye. Husimuliwa kwamba mzee huyo alikataa jeneza la rafiki yake lifunikwe kitambaa cheusi, akataka kiletwe cha maua. Clemenceau mwenyewe aliishi hadi Novemba 1929, akiwa ameshuhudia ahadi ikitimizwa.

Blanche aliitunza bustani hadi alipofariki dunia mwaka 1947. Baadaye magugu yaliitawala, hadi ilipofanyiwa ukarabati kuanzia mwaka 1977 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1980. Sasa hufungwa wakati wa baridi, na kila mwaka, machipuo yanaporejea, malango yake hufunguliwa tena kwa wageni.