Robert Koch: Maandishi na Hadhi ya Mtafiti

Katika historia ya tiba ni wachache ambao hadhi yao ilijengwa juu ya makala machache kama Robert Koch. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866. Hata hivyo, makala yake ya kwanza yenye uzito hayakutoka chuoni. Yalitoka Wollstein, mji mdogo alikokuwa mganga wa wilaya, akifanya utafiti nyumbani mwake baada ya kutibu wagonjwa. Huko aliwapandikiza panya, kwa vibanzi vya mti, damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, akafuatilia kwa hadubini maisha ya kijidudu cha ugonjwa huo mpaka kinapojifanya mbegu ngumu inayodumu udongoni. Mwaka 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha mtaalamu wa mimea, Ferdinand Cohn, naye akayachapisha matokeo hayo katika jarida lake. Ndivyo nguzo mojawapo ya elimu ya bakteria ilivyosimikwa katika jarida la biolojia ya mimea.

Mwaka 1880 Koch aliitwa Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 alieleza mbele ya chama cha wanafiziolojia jinsi alivyokigundua kijidudu cha kifua kikuu, na majuma machache baadaye maelezo hayo yakachapishwa. Alikipaka rangi kijidudu, akakiotesha peke yake nje ya mwili, kisha akawaambukiza wanyama. Yeyote aliyekuwa na hadubini aliweza kuzirudia hatua hizo, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya makala yale.

Mwaka 1890 aliiacha kanuni hiyo. Alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu, lakini akaficha namna ilivyotengenezwa. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi hawakupona, na baadhi walikufa. Rudolf Virchow alipopasua maiti aliona dalili kwamba dawa ile iliuchochea ugonjwa. Mwaka 1891 Koch alilazimika kueleza kwamba tuberkulini ilikuwa dondoo ya vijidudu hivyo hivyo katika gliserini. Jina kubwa lilikuwa limechukua nafasi ya ushahidi, tena kwa hasara ya watu waliokwisha kata tamaa.

Afrika Mashariki nayo imo katika kumbukumbu zake. Alichunguza malaria Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, na mwaka 1906, akiwa tayari amepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1905, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Uganda, kutafuta tiba ya malale. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni wengi walipata nafuu, na taarifa alizopeleka Ujerumani zilijaa matumaini. Alipozidisha kipimo, baadhi yao walipofuka, wala hawakuona tena. Wagonjwa wale hawakuwa na jarida la kuandikia upande wao. Wengine waliitoroka kambi, na huko kutoroka ndiko kulikokuwa hukumu yao juu ya utafiti ule.

Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Wakati huo tuberkulini, iliyoshindwa kuponya, ilikuwa imepata kazi nyingine: Clemens von Pirquet mwaka 1907, na Charles Mantoux mwaka 1908, waliitumia kupima katika ngozi kama mtu ameambukizwa kifua kikuu.