Sir John Kirk na Ua la Sayyid Barghash

Watu wa pwani humkumbuka Sir John Kirk kuwa ndiye balozi wa Kiingereza aliyemshurutisha Sayyid Barghash bin Said kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja. Wachache wajuao kwamba bwana huyo alikuja Afrika kwanza kwa sababu ya mimea.

Alizaliwa Uskochi mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone mto Zambezi, akiwa mganga na mtaalamu wa mimea. Huko alipata hasara isiyolipika: mwaka 1860, kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mtumbwi wake ulipinduka, na maji yakachukua madaftari na michoro yake ya mimea. Zama zile mchoro wa mkono ndio uliokuwa shahidi wa rangi ya ua.

Alifika Unguja mwaka 1866, akakaa miaka ishirini. Alikuwa na bustani Mbweni, na mimea mingi aliipeleka Kew, bustani mashuhuri ya London. Okidi moja nyeupe ya pwani, iotayo juu ya miti, yaitwa Aerangis kirkii kwa jina lake. Jamaa zake wa ukoo huo wako hata bara, katika msitu wa Kakamega.

Miongoni mwa alivyovipeleka ni ua jekundu lenye shina laini, lililojaa maji. Joseph Hooker, mkuu wa Kew, alilitangaza mwaka 1882 katika jarida la Curtis's Botanical Magazine, pamoja na picha ya rangi, akaliita Impatiens sultani kwa heshima ya Sayyid Barghash. Miaka tisa tu tangu atishiwe kwa manowari, Sayyid akatunukiwa ua!

Heshima hiyo haikudumu. Hooker huyo huyo alikwisha kuuandika mmea wa Zambezi mwaka 1868, akauita Impatiens walleriana, kwa jina la Horace Waller, mtu wa misheni, sahibu yake Kirk na adui mkubwa wa biashara ya watumwa. Wataalamu walipolinganisha, wakaona ni mmea mmoja. Na kanuni yao ni kwamba jina lililotangulia ndilo lenye haki. Basi ua likamtoka Sultani, likaenda kwa mmishenari.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Sayyid Barghash alifariki mwaka 1888, naye Kirk akafa kwao Uingereza mwaka 1922. Ua lenyewe limeenea ulimwenguni, vyunguni na kwenye vivuli vya bustani, na katika vitabu vya zamani vya watunza bustani bado limeandikwa sultani.