Kinyanjui wa Gathirimu, chifu wa enzi za ndui

Kama unapenda zile filamu za kutisha za Ulaya ya kale, tauni imeingia kijijini na maiti zimezagaa njiani, basi jua huku kwetu Dagoretti, hapa Waithaka hadi Riruta, mambo yalifanana na hayo. Na mtu wa kumfuata kwenye hadithi hiyo ni Kinyanjui wa Gathirimu.

Hakutoka ukoo wenye sauti. Waingereza walipojenga Fort Smith mwaka 1891, alijisogeza kwao, akawa mtu wao. Waiyaki wa Hinga, aliyemzidi jina kwa mbali, walimkamata 1892 akafia Kibwezi njiani kupelekwa Pwani. Nafasi ikabaki wazi.

Halafu balaa. Sotoka ilikuwa imeshafyeka ng'ombe. Mvua ikagoma, na njaa ya 1898 na 1899 ikaja pamoja na ndui. Watu walikufa hadi fisi wakashiba. Wengi waliopona wakakimbilia kwa jamaa zao Murang'a, mashamba yakageuka msitu. Walowezi kufika, wakadai ardhi haina mwenyewe. Mimi hapo ndipo naogopa, kuliko kwenye maiti.

Kinyanjui yeye alizidi kupanda, akafanywa chifu mkuu. Mwaka 1929, akiwa mgonjwa sana, alimwomba Karen Blixen amchukue nyumbani kwake asipelekwe hospitali ya misheni. Blixen akakataa. Mzee akafariki.

Kitabu cha Blixen kilitoka 1937, Hollywood wakakifanyia filamu 1985. Chifu yumo. Ndui haimo.